SHEREHE YA MWANAFUNZI ISIWE DENI LA MZAZI

Kila mwaka, ifikapo miezi ya mwisho, jiji la Dar es Salaam hujaa vijana waliovaa majoho. Wazazi hushuka katika mabasi yatokayo Kigoma, Songea, Mtwara na Bukoba, vikapu mikononi na furaha machoni. Ni jambo la heshima. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mfanyakazi wa bandari husimama safu moja na kutunukiwa shahada, na hakuna mwenye moyo mwema asiyefurahi. Hata hivyo furaha hiyo isitufumbe macho tusione jambo linalokuja nyuma yake, nalo ni gharama za sherehe.

Hatuzungumzii mahafali yanayoandaliwa na chuo. Twazungumzia zile sherehe ambazo wanafunzi huziandaa wenyewe: siku ya kuzaliwa, siku ya kumuaga mwenzao, siku ya kumaliza mtihani wa mwisho, na jioni ile ya kupokea shahada. Sherehe hizi ni nzuri, nasi hatuzipingi. Tunachopinga ni desturi mpya ya kuzifanya kwa fedha zisizokuwapo.

Alikuja ofisini kwetu mzee mmoja, msomaji wa siku nyingi, ambaye kazi yake ni kulinda ghala usiku. Hatutamtaja jina wala mtaa. Alikuwa ametoka zamu, hajalala, akatuwekea simu yake mezani. Akasema, "Mwanangu, nisomee hapa. Watu nisiowajua wananiandikia kila siku, nami naona neno mwizi."

Tulisoma. Tukamwambia, "Mzee, hawakuiti wewe mwizi. Wanamdai kijana wako aliye chuoni."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kijana wake alikuwa mwaka wa mwisho, naye alitaka kuwashukuru rafiki zake kabla hawajatawanyika. Alialika watu hamsini. Akakodi ukumbi, akaagiza keki ya ngazi tatu, akatafuta mshereheshaji na mpiga picha, na akataka wageni wote wavae sare ya rangi moja. Posho yake haikutosha. Akakopa kwa simu, na siku ya kulipa ilipofika akakopa kwa mkopeshaji wa pili ili amlipe wa kwanza, na kwa wa tatu ili amlipe wa pili. Alipokwama, wakopeshaji wakaanza kuwaandikia watu wote waliomo katika orodha ya simu yake: mjomba, jirani, mwalimu, na baba yake mzazi. Mikopo ya namna hiyo wananchi wameipa jina linaloifaa: kausha damu. Na itakumbukwa kwamba mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu zaidi ya 60 zilizokuwa zikikopesha watu kwa simu bila kibali chake.

Sherehe ilichukua saa nne. Deni lilichukua miezi minane, na halikwisha mpaka cherehani ya mama wa kijana yule ilipouzwa. Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnunulia daftari na viatu tangu darasa la kwanza.

Mzee alipokuwa akiinuka kuondoka, alisema neno ambalo hatujalisahau. "Angeniambia tu kwamba anataka kulisha wenzake, ningemletea mchele."

Hebu tulifikiri neno hilo, maana ndani yake imo sehemu kubwa ya haya tunayotaka kuyasema leo.

Kwanza tuondoe kosa moja. Wapo wakubwa wanaosema kwamba mwanafunzi hana haki ya kusherehekea, kwamba kazi yake ni kitabu tu. Sisi hatukubaliani nao. Kijana aliyetoka kijijini akaingia katika chuo chenye maelfu ya watu asiowajua, hufanywa mtu wa pale na sahani aliyoshiriki na wenzake. Mtoto wa Mpanda na mtoto wa Pemba huanza kuitana ndugu siku walipochanganya mikono katika sinia moja. Nchi ambayo vijana wake hawajui kula pamoja haitajua kufanya kazi pamoja. Basi sherehe iwepo. Swali ni moja tu: itagharimiwa na nani, na kwa namna gani?

Tuzitazame fedha zenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Katika mwaka wa masomo 2022/23 fedha za chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa kiwango hicho, malipo ya siku 60 ni shilingi 600,000. Fedha hizo zinapoingia kwa mkupuo, wanafunzi huziita "bumu", nalo ni jina linalofanana na mshindo wake. Kijana ambaye hajapata kushika laki moja yake mwenyewe huona ametajirika. Lakini zigawe kwa siku 60, na kila siku itaje chakula chake, chumba chake na nauli yake. Utaona kwamba hakuna hata siku moja iliyobaki na fedha za ukumbi.

Tena fedha hizo si zawadi wala si mshahara. Ni mkopo. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Kwa hiyo anayetumia posho yake kununua keki ya ngazi tatu, keki hiyo ataendelea kuilipia akiwa mtumishi, akiwa na mke na watoto, wakati ambapo hata picha zake zimekwisha kupotea. Na tusiwasahau wale wasio na mkopo wowote, wanaosomeshwa kwa jasho la wazazi wao peke yao. Hao wakiiga sherehe za wenye bumu, mzazi ndiye anayebeba mzigo moja kwa moja.

Je, ugonjwa huu vijana wameupata wapi? Tusidanganyane. Wameupata kwetu. Sisi ndio tunaounda kamati za harusi zinazokutana majuma kumi na mawili, tukanywa na kula vikaoni kabla harusi haijafika. Sisi ndio tunaogawa kadi za mchango kazini, hata mfanyakazi wa kima cha chini akapokea kadi tatu katika mwezi mmoja na kuona aibu kusema hapana. Sisi ndio tunaopima heshima ya mtu kwa idadi ya magari yaliyofuatana nyuma ya bibi harusi. Mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo, akifika chuoni, atafanya nini? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kabla ya kumkemea kijana, mzazi na ajitazame.

Sasa tutoe shauri, maana kulaumu bila kuonyesha njia ni kazi rahisi mno.

Wazee wa pwani walituachia maneno mawili ambayo yameanza kusahauliwa: bia na kikoa. Bia hii tunayoitaja haiuzwi katika chupa wala hailevi. Kufanya jambo kwa bia ni kila mmoja kutoa fungu lake ili jambo la wote lifanyike. Nacho kikoa ni ushirika wa kula pamoja, ambapo kila mmoja hushika zamu yake ya kuwalisha wenzake. Katika desturi hizi hakuna mwenye sherehe aliyesimama peke yake upande mmoja na wageni wakasimama upande wa pili wakisubiri kuhudumiwa. Wote ni wenyeji, na wote ni wageni.

Chukua mfano wa siku za kuzaliwa. Marafiki kumi wakifanya kila mmoja sherehe yake, ni sherehe kumi, keki kumi na madeni kumi. Lakini wakikubaliana kwamba mara moja kila baada ya miezi mitatu watakaa pamoja na kuwapongeza wote waliozaliwa katika miezi hiyo, sherehe ni nne kwa mwaka, kila mtu ametoa kidogo, na hakuna aliyesahauliwa. Hata yule asiye na kitu, ambaye siku yake ya kuzaliwa ilikuwa ikipita kimya, naye atatajwa jina.

Chukua tena mahafali. Mahafali hayaji ghafla kama mvua ya mawe. Aliyeingia chuoni kwa masomo ya miaka mitatu ajua tangu siku ya kwanza kwamba, Mungu akipenda, atatoka mwaka fulani. Akiweka shilingi 1,000 kila juma kwa majuma 30 ya masomo, kwa mwaka atakuwa na 30,000, na kwa miaka mitatu 90,000. Wenzake saba wakifanya hivyo pamoja naye, ni shilingi 720,000, bila deni, bila kadi, bila kumsumbua mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku yenyewe ikikaribia, wachaguliwe watu watatu tu: mwenyekiti, mtunza fedha na mpishi mkuu. Kanuni yao ya kwanza iwe hii: fedha zihesabiwe kabla ya wageni. Wengi hufanya kinyume. Huandika kwanza majina ya wageni, kisha hutafuta fedha za kuwatosha, na hapo ndipo mkopo unapoingia. Kanuni ya pili: ahadi si fedha. Aliyeahidi ahesabiwe siku atakapoleta, wala kisinunuliwe kitu kwa tumaini la mchango ambao haujafika.

Kanuni ya tatu ni ya saa. Saa ya mwaliko ndiyo inayoamua gharama. Ukimwalika mtu saa saba mchana, amekuja na njaa yake na lazima umlishe ashibe. Ukimwalika saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili, amekwisha kula chakula chake cha mchana. Kahawa, kashata, maandazi na karanga zitamtosha, naye ataondoka akishukuru. Kilo mbili za unga wa ngano hutoa maandazi yapatayo hamsini. Kahawa chungu katika vikombe vidogo, pamoja na kashata ya nazi, imekuwa ikiwakutanisha watu barazani vizazi kwa vizazi, na hatujasikia kwamba mtu alitoka barazani akilalamika kuwa hakukuwa na ukumbi.

Na kama lazima kipikwe chakula, hesabu yake si ya kutisha. Kwa watu thelathini, kilo tano za mchele zatosha kwa pilau. Weka kilo tatu za nyama iliyokatwa vipande vidogo, kilo mbili za viazi, vitunguu, mafuta, na bizari, iliki, mdalasini na karafuu kwa kiasi. Kachumbari ni nyanya, vitunguu na ndimu. Ukwaju kilo moja na nusu, ukichemshwa kwa tangawizi na kutiwa sukari, watoa kinywaji cha kutosha vikombe viwili kwa kila mtu, na soda haitahitajika. Vitu hivi vyote vyapatikana sokoni asubuhi, na vijana wanne wanaojua kumenya na kukatakata wataumaliza mchana wao jikoni kwa vicheko. Kwa kuwa mabweni mengi hayaruhusu kupika vyumbani, na iombwe mapema nafasi katika ua wa nyumba aliyopanga mmoja wao, au kwa ndugu aliye karibu. Mwenye nyumba ajulishwe, na jirani apelekewe sahani yake. Huo ndio ustaarabu.

Vyombo viazimwe. Kuazima sufuria, mwiko na majamvi si aibu, maana sufuria huoshwa ikarudishwa jioni ile ile, na aliyeiazima amepata rafiki. Aibu ni kukopa sifa. Sifa ya kukopa hairudishwi kwa kuoshwa. Hurudishwa kwa riba.

Yapo mambo mawili ya hatari katika bia, nasi hatutayaficha. La kwanza ni bia kugeuka kuwa kodi. Fungu likipandishwa kila mara, maskini atajitenga na wenzake kwa visingizio, atasema anaumwa au ana kazi ya kuandika, kumbe hana kitu. Kwa hiyo fungu liwe dogo, na asiyekuwa nalo atoe mikono yake: ateke maji, akoleze mkaa, aoshe vyombo. Mtunza fedha na afunge kinywa chake. Wa kutoa nyingi na wa kutoa mikono wale sinia moja, wala pasiwe na mtu wa kujua nani alitoa nini. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. La pili ni hesabu kutosomwa. Kabla watu hawajatawanyika, mtunza fedha na asimame asome: kimeingia hiki, kimetoka hiki, kimebaki hiki. Kijana aliyezoea kusoma hesabu ya pilau mbele ya wenzake hatashindwa kesho kusoma hesabu ya chama cha ushirika au ya halmashauri.

Wapo watakaotujibu, "Mtu humaliza chuo mara moja tu maishani, mwacheni atumie." Kweli, humaliza mara moja. Lakini huanza maisha mara moja pia, na anayeyaanza akiwa na deni la karamu ameyaanza kwa mguu uliofungwa. Wengine watasema, "Tutachekwa." Sisi twauliza: hao wanaocheka, siku mkopeshaji anapoandika, nani kati yao hulipa hata senti moja?

Sisi tunaoandika haya tulilelewa katika shule ya bweni ya misheni. Siku ya kumaliza kidato cha nne hatukuwa na ukumbi wala keki. Kila darasa lilichanga, mpishi wa shule akatupikia ubwabwa na maharage, na wavulana waliokuwa hodari wa ngoma wakapiga ndoo za kufulia. Miaka mingi imepita. Tumehudhuria karamu za gharama kubwa ambazo hatuzikumbuki tulikula nini. Siku ile ya ndoo twaikumbuka hata nyimbo, na majina ya waliokaa kulia na kushoto kwetu.

Na vijana wa Mlimani wanaodhani kwamba jambo kubwa lazima lianze kwa fahari, na wakumbuke asili ya chuo chao. Mwezi wa Oktoba 1961, kabla bendera ya uhuru haijapandishwa, masomo ya chuo kikuu yalianza hapa Dar es Salaam katika jengo la TANU, katika mtaa unaoitwa sasa Lumumba. Somo lilikuwa moja tu, sheria, na wanafunzi hawakufika ishirini. Jengo halikuwa la chuo. Lilikuwa la kuazima. Mwaka 1964 ndipo chuo kilipohamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Waliokianzisha hawakungoja mpaka wawe na majumba. Walianza kwa walichokuwa nacho, na kwa walichoazimwa na marafiki, na matunda yake tunayaona.

Turudi kwa mzee wetu wa ghala. Alikuja tena ofisini, safari hii akiwa amelala na kuvaa shati safi. Binti yake, mdogo wa yule kijana, naye amefika mwaka wa mwisho. Tulimwuliza kwa hofu, "Mzee, na huyu je? Ametaka kiasi gani?"

Akacheka. "Mwanangu, huyu hakutaka fedha. Aliniandikia hivi: baba, tumechanga, tuko tisa, mchele tunao, tumekosa sufuria kubwa. Basi nimetoka kuazima ya msikitini, nimeipakia katika daladala, kondakta ameniuliza kama nahamia."

Akatuambia kwamba aliifikisha mwenyewe, na kwamba binti hakumruhusu kuondoka. Alikalishwa jamvini pamoja na wale vijana, akapewa sahani ya kwanza, akaombwa aseme neno. Mlinzi wa ghala akawahutubia wasomi. Hatukumwuliza alisema nini. Tulimwuliza tu kama kuna deni lililobaki.

"Limebaki moja," akajibu. "Sufuria ya watu imeungua kidogo chini. Leo jioni naisugua kwa mchanga, kesho naipeleka."

Wazazi na wafanyakazi wenzetu, semeni na watoto wenu mapema, kabla mkopeshaji hajasema nao. Waulizeni wanataka kulisha wangapi, na muwaambie kwa ukweli mnacho nini. Nanyi vijana, msiwaonee haya wazee wenu kwa sababu walicho nacho ni mchele na sufuria. Fanyeni sherehe zenu, ziwe za bia, ziwe na vicheko, na asubuhi yake kila mmoja aamke akiwa na rafiki zaidi na asiwe na deni.